Kimya cha Wimbo wa Mwisho

Kanda zilikuwa zimetoa jasho, alisema Kirandeep.
Miaka hamsini darini kwa mjane wa meneja,
gundi imegeuka ute; ukizicheza hivi hivi
sauti inabanduka kama ngozi iliyoungua.
Kwa hiyo akazioka.
Ndiyo, kuoka, kama mkate: nyuzi hamsini na nne,
saa nane, ndani ya kikaushio cha uyoga
alichokinunua mnadani Walsall.

Nami nikakaa kwenye kiti chake cha magurudumu,
koti sijavua, kifaa cha sikioni kikipiga mluzi,
nikisubiri ujana wangu uive.

Santuri yenyewe mnaijua. Jalada jeusi,
bomba moja la moshi, na sisi wanne chini yake
tumekunja nyuso kama wadai wa urithi.
Ilikuwa baridi tu. Februari, Bilston,
na mpiga picha aliyesahau filamu garini.

Tuliirekodi siku sita. Ya saba hatukuwa na pesa.
Mimi na Royston tulitoka zamu ya usiku kiwandani,
yeye kwenye nyundo ya mvuke, mimi kwenye minyororo,
tukaingia studio na masizi bado puani.
Waandishi baadaye wakaandika: uzito, ghadhabu ya tabaka.
Ulikuwa uziwi. Tulipandisha vikuza sauti
kwa sababu hatukuwa tunasikiana.

Kirandeep anafungua mkondo mmoja mmoja.
Hili gitaa, peke yake: jembamba, lina haya,
kuku aliyenyonyolewa.
Hili besi langu. Nakosea noti ya tatu,
nakosea tena palepale ubeti wa pili,
kwa uaminifu.
Na huyu Royston.

Vijana wanaosomea ngoma vyuoni
wana jina la kile kimya cha wimbo wa mwisho:
midundo minne ya utupu, kisha bendi nzima
inaporomoka kama paa. Wamekiandikia tasnifu.
Mwenyewe nimekisifu mbele ya kamera,
nikasema tulikikusudia, nikasema kimya nacho ni ala.

"Sikiliza," anasema. Anatuzima sote,
anaacha maikrofoni moja, ile iliyoning'inia juu ya ngoma.

Moja: kijiti kinaanguka sakafuni.
Mbili: kinabingirika.
Tatu: "Mama yangu!" Sauti ileile, kavu, ya puani.
Nne, anacheka.
Anacheka huku anapiga kwa mkono mtupu,
kiganja juu ya ngozi,
mpaka kijiti cha akiba kimfikie.

Miaka thelathini na mmoja tangu tumzike.
Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa mcheshi.
Picha zote amenuna.

Kampuni inataka kujua, anasema Kirandeep,
katika toleo jipya kicheko tukirudishe?
Watu watapenda.
Kidole chake kinangoja juu ya kitelezo
nami nakumbuka ni nani mwaka ule aliyesema kifutwe.
Niliogopa tutaonekana wanagenzi.

Nasema: waachie kimya chao.
Wamekichora mikononi kwa wino usiofutika.
Mmoja alinishika koti stesheni ya Crewe
akaniambia alijibanza ndani yake
usiku babake alipofariki, akakirudia hadi kukakucha.
Nimwendee leo nimwambie kilikuwa kijiti?

Lakini rudisha nyuma.
Mara moja tu.

Anarudisha. Kanda iliyookwa haina siku nyingi, ameshanionya;
kila mzunguko unaacha vumbi la kahawia
kwenye kichwa cha mashine. Naligusa.
Lina rangi ya kutu, au ya mdalasini.
Nje basi la Dudley linapita, kioo kinatetema,
kijiti kinaanguka,
mama yangu, anasema Royston,
na safari hii nacheka naye kabla ya nne:
nimeingia mapema, kama kawaida yangu.